Nyuma ya Pazia la Angetile

Jovina alikuwa ameinamia ndoo, anasugua birika la kahawa kwa majivu, masizi yamempanda hadi kwenye viwiko, Beatrice alipotokea konani mbiombio, khanga inaburuza tope. Kona yenyewe iko Bondeni, Kyela mjini, mkabala na fundi baiskeli, na ina benchi moja refu la mbao zilizong'olewa kwenye meli kuukuu ya bandari ya Itungi. Wenye benchi wanapaita Gatini. Wapo watatu wasiokosa. Yuko Nahodha, mzee aliyewahi kuwa baharia wa meli za ziwani na ambaye siku hizi anasafirisha maneno tu. Yuko Waziri, dereva wa bajaji mwenye neno la kusema juu ya kila wizara. Na yuko Kakao, mnunuzi wa kakao, ambaye harufu ya mbegu zilizovundikwa humtangulia hatua kadhaa kabla hajafika. Tangu mto ulipoacha njia yake kule Bujonde ukaingia majumbani mwa watu, Gatini hapakuwa na mada nyingine: waliopoteza nyumba walazwe wapi, na nani awapange. Mwanzoni kanisa liligawa kivyake, msikiti kivyake, shule kivyake, ikawa familia moja inakalia magodoro matatu na nyingine inalalia gunia. Sasa kazi yote ilikuwa imewekwa mkononi mwa afisa mmoja mgeni wa ustawi wa jamii, na Gatini walikuwa hawajasamehe kwamba hawakuulizwa.

— Mama Teddy, liache hilo birika kwanza, Beatrice alisema, anahema. Mdogo wako halali ukumbini.

Jovina hakuliacha. Aliligeuza akasugua na upande wa pili.

— Atupele? Anakosaje kulala ukumbini na pazia alishapewa?

— Mimi napika uji pale kila asubuhi. Jana nikamwona anaingia na mtoto mgongoni, tope miguuni, anatokea nje. Leo hivyohivyo. Nikamuuliza, mwenzangu unatoka wapi? Akanijibu, ukumbini joto.

— Joto! Waziri aliruka pale benchini kama aliyekanyaga siafu. Mvua yote hii, joto la wapi?

— Ndivyo alivyosema. Sasa sikiliza, Mama Teddy. Wametangaza leo asubuhi. Asiyelala kituoni nafasi yake anapewa mwingine, maana kuna familia bado ziko madarasani na shule inafunguliwa Jumatatu. Afisa anapita jioni. Na atakayefutwa ukumbini, kwenye mgao wa mabati ya kujengea naye hayumo.

Hapo ndipo Jovina alipoliweka birika chini.

Kwake hapakuwa na nafasi, na hilo halikuwa siri. Mama mkwe wake, wifi yake na watoto wa wifi, wote wa mafuriko yaleyale, walikuwa wamepangana sebuleni kama magunia ya mpunga. Ndiyo maana Atupele, mdogo wake wa tumbo moja, alipotoka Bujonde na mtoto na sufuria mbili, alikwenda ukumbi wa kanisa. Pale kila familia ilitengewa kipande cha sakafu na pazia la turubai. Mumewe, Angetile, alikuwa amerudi shambani kulinda mpunga uliobaki na bati chache ambazo maji hayakuzichukua. Baba mkwe wa Atupele, Mzee Ambilikile, alikuwa Itungi kwa binti yake tangu siku maji yalipoingia. Kwa hiyo pazia lote lilikuwa la Atupele na mtoto. Sasa anakimbia nini?

— Analala wapi basi? aliuliza.

— Ningejua ningekuja mbio hivi? Beatrice alijibu. Narudi, nimeacha maharage jikoni. Mtafute kabla ya jioni.

Akaondoka na tope lake. Jovina akabandika birika, akapuliza mkaa. Mteja hangojei msiba wako, na kahawa ilikuwa imeshachelewa. Alihesabu kichwani: awape hawa kahawa, amwombe mke wa fundi baiskeli amwangalizie jiko, aanze sokoni, apite stendi.

Gatini hawakusubiri kahawa.

— Mimi nawaambieni, Waziri alianza, huyo keshavuka Songwe. Malawi kule kuna kambi nzuri, maharage wanapika na nyanya. Jana nilimwona mwanamke na mtoto mgongoni anapanda gari la Kasumulu, kule mpakani.

— Wanawake wenye watoto mgongoni wanaopanda gari la Kasumulu ni wangapi kwa siku? Nahodha aliuliza.

— Huyu alikuwa na haraka.

— Kila mtu wa Kasumulu ana haraka, mzee mwenzangu. Hilo ni jambo la forodha.

— Na asubuhi anarudi kunywa uji wa Beatrice? Kakao alidakia. Avuke mpaka jioni, arudi alfajiri, kwa uji? Waziri, hata pikipiki yako ile ya kwanza haikuwa na mwendo huo.

Waziri akapanga upya.

— Basi kuna mtu.

— Mtu gani?

— Mwanamume. Mume yuko shamba, mke anasema joto. Mnataka niwachoree?

Jovina aligeuka na kipepeo cha mkaa mkononi.

— Waziri, huyo ni mdogo wangu. Endelea tu, kahawa yako utakunywa kwa fundi baiskeli.

— Samahani, dada. Nilikuwa najadili kwa jumla.

— Kajadili mkeo kwa jumla.

Kakao alicheka hadi kofia ikamwangukia magotini. Alipoirudisha kichwani alikuwa na nadharia yake tayari.

— Tatizo ni biashara. Mnasikia? Biashara ya mapazia. Usiku, watu wakishalala, anakuja mtu anakodisha nafasi. Anakwambia, mama, toka ulale barazani, hapa nimempangisha msafiri wa Matema. Asubuhi rudi. Nani atajua?

— Msafiri wa Matema alale sakafuni nyuma ya turubai, na gesti zipo tele mji mzima?

— Bei, Nahodha! Gesti ina bei. Na nyuma yake kuna tajiri mkubwa. Nawaambieni, mafuriko yenyewe sina uhakika kama yalikuwa ya Mungu peke yake. Yule aliyechimba mchanga mtoni alikuwa anaandaa soko.

— Ameandaa mafuriko ili akodishe mapazia, alisema Nahodha polepole.

— Watu wana akili siku hizi.

Jovina aliwamiminia. Mkono wake ulikuwa mtulivu, maana mikono ilikuwa imezoea, lakini macho yake yalikuwa njiani. Alimtazama kila mwanamke aliyepita na mtoto. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya milima ya Livingstone, na alijua mvua ya jioni haikosi.

— Nyote mnatafuta mbali, Nahodha alisema, akishika kikombe kwa vidole viwili kama kawaida yake. Mimi nimeishi juu ya maji. Tulikuwa tunapakia Itungi siku moja, mwanamke mwenye mtoto mchanga akakataa kupanda. Tukamuuliza, akasema ndani pana joto. Neno hilohilo! Tulipofika katikati ziwa likachafuka, tukatupa mizigo. Mwanamke anayenyonyesha anasikia maji kabla hayajaja. Huyu binti anajua mto unakuja Bondeni.

— Ee Mungu wangu, Kakao alisema, akatazama miguu yake.

— Ndiyo. Na dawa yake haiko kwa huyo afisa wenu na mapazia yake. Dawa ni meli. Zikachukuliwe zile meli zilizolala, zivutwe mpaka hapa, watu wasio na nyumba wote walale mlemle. Vitanda vimo, choo kimo. Maji yakija, mnaelea. Yakienda, mnakaa chini. Nyumba gani nyingine inafanya hivyo?

— Zivutwe mpaka hapa, Bondeni? Kwa barabara?

— Mafuriko yakija si zinakuja zenyewe?

Hata Jovina nusura acheke. Nusura. Alichukua kikapu cha mkaa akaingia uani, na kule nyuma alimsikia Waziri akijisifia bajaji yake tena, sauti juu:

— Nyie mnapiga domo, mimi ndiye ustawi wa jamii wa kweli. Juzi nimembeba mzee wa watu kutoka Itungi, bure, mafuta yangu, mpaka mlangoni pa ukumbi. Binti yake hana nafasi, nyumba imepasuka. Nikamwambia yule kijana wa mlangoni, huyu ana familia humu, wakae pamoja. Familia ni kukaa pamoja, bwana!

Jovina alifunga masikio. Kila wiki Waziri alikuwa amembeba mtu bure.

Aliporudi, mgeni alikuwa ameketi mwisho wa benchi. Alikuwa mtu wa makamo, shati lililonyooshwa, buti za mpira zimejaa tope hadi juu, na sura ya mtu aliyekosa chakula cha mchana. Aliamkia wote kwa adabu na lafudhi ya Kanda ya Ziwa, akaomba kahawa.

— Umekuja wakati mzuri, kaka, Kakao alimkaribisha. Tunamjadili afisa wa ustawi.

— Aha. Anasemaje?

— Hasemi! Ndiyo tatizo. Ameletwa kutoka huko alikotoka, hajui hata mpunga unavyoota, anakuja kutupanga. Familia moja, pazia moja. Familia moja, pazia moja. Kama anapanga soda kwenye kreti.

— Si vizuri familia kukaa pamoja? mgeni aliuliza.

— Hilo ni zuri, Waziri alikubali. Hilo peke yake ndilo alilopatia. Lakini sasa watu wanatoroka. Kuna dada mmoja, mdogo wake mama huyu, usiku halali pale. Anasema joto.

Mgeni aliinua kichwa.

— Joto?

— Joto. Nahodha anasema ni dalili ya mto, Kakao anasema ni mafia ya mapazia, mimi nina maoni yangu lakini nimekatazwa.

— Halali tangu lini?

Waziri alimtazama Jovina. Jovina alijibu akipangusa mikono kwenye khanga:

— Juzi, kaka. Kabla ya hapo alikuwa analala vizuri tu. Na kama afisa akipita jioni asimkute, anamfuta. Mtoto bado ananyonya. Mimi kwangu wamelala hadi jikoni.

Mgeni akanywa kahawa yake, akafikiri. Kisha akamgeukia Waziri, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia njia:

— Samahani, bwana. Nilipokuwa nakaribia nilikusikia. Yule mzee uliyemleta juzi, alipewa pazia la nani?

— La mwanaye.

— Mwanaye nani?

Waziri alifungua mdomo. Ukabaki wazi. Nahodha akashusha kikombe kutoka midomoni bila kunywa. Kakao alivua kofia, na safari hii hakuna aliyecheka.

— Waziri, Jovina alisema, mzee uliyembeba anaitwa nani?

— Yule... si yule wa Bujonde, dada. Anatembelea fimbo. Hana maneno mengi.

— Jina lake.

— Ambilikile.

Jovina aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema tu:

— Umempeleka mkwe kwenye mkeka wa mke wa mwanaye.

— Mimi sikujua binti yumo! Sikuunganisha kuwa ni Angetile huyu wenu! Mzee alisema mpeleke kwa Angetile!

— Na Angetile yuko shamba.

— Mama yangu wee, alisema Nahodha.

Mgeni alikuwa anawatazama mmoja mmoja.

— Naomba mnisaidie, alisema. Mimi si wa huku. Ni baba mkwe wake. Ni babu wa mtoto. Kuna ubaya gani?

Walianza kumweleza wote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze Gatini walikubaliana. Kwamba kwa Wanyakyusa wenye kushika mila, mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani, anaacha njia, anaingia majanini. Mlango anaopita mzee, yeye hapiti mzee akiwamo. Jina lake halitamki. Kwamba mjini wengi wameacha, wanasalimiana na kula meza moja, lakini Bujonde familia za zamani bado zinashika, na ya Mzee Ambilikile inashika kuliko zote. Na kulala chini ya pazia moja, mume hayupo! Kakao alishindwa hata kuimalizia sentensi.

— Kwa nini hakusema? mgeni aliuliza.

— Aseme kwa nani? Jovina alimjibu. Amwambie kijana wa mlangoni, mtoe baba mkwe wangu, mzee wa watu, alale mvuani? Hiyo ni aibu kubwa kuliko kulala nje. Ameona atoke yeye. Akasema joto.

Mgeni alikitua kikombe kwenye benchi taratibu.

— Naitwa Humphrey, alisema. Familia moja, pazia moja, ni mimi. Mimi ndiye niliyepanga soda kwenye kreti.

Kakao alitamani mbao za meli zimmeze. Nahodha alikaa wima kama aliyepigiwa king'ora. Lakini Humphrey hakuwa na muda wa kukasirika. Macho yake yalikuwa yameshakwenda kwingine.

— Nina swali moja tu, alisema. Mle ukumbini wako akina mama wengine walioniambia wanasikia joto. Niliagiza madirisha yafunguliwe. Ni wangapi wanaolala nje kwa sababu hii?

Gatini walitazamana. Walikuwa na majibu ya mto, ya mpaka wa Songwe, ya matajiri wa mchanga na ya meli za nchi kavu. Hilo hakuna aliyelijua.

— Shemeji yangu naye alisema joto, Kakao alinong'ona mwishowe. Tukamcheka.

— Nahodha, Jovina alisema akisimama, shika birika. Waziri, washa bajaji. Safari hii utabeba watu kwa faida.

*

Walimkuta Atupele nyuma ya soko, barazani pa ghala lililofungwa, ameketi mkekani, mtoto amelala mgongoni. Hakuwa peke yake. Walikuwapo wanawake wengine wawili wa Bujonde, mmoja mjamzito, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja kana kwamba wako uani kwao. Walipomwona afisa walisimama kwa hofu.

— Kaeni, Jovina aliwaambia. Hajaja kufuta mtu. Atupele, wewe!

— Dada.

— Umelala hapa?

— Hapa pana paa.

— Ungekuja kwangu.

— Kwako nitalala juu ya nani? Atupele alisema. Nilitoka kuchota maji, narudi, naona kofia yake imetundikwa kwenye kamba ya pazia. Na fimbo. Nikageuka hapohapo na ndoo yangu. Sijui hata kama aliniona.

— Angekuona asingekaa pale. Atakuwa anadhani uko shamba na mumeo.

Atupele alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

— Kama ni hivyo afadhali, alisema. Lakini asitolewe kwa ajili yangu, dada. Yule ni mtu mzima, miguu inamuuma. Nifuteni mimi.

— Nani kakwambia mtu anafutwa? Kunja huo mkeka. Na nyie wenzangu, mnakuja.

Ndani ya bajaji Humphrey alikuwa anapiga simu huku magoti yamemgusa kidevu. Alipiga kwa mchungaji, akapiga kwa sheikh. Sheikh alisikika akicheka kwenye simu, kisha akasema madrasa ina vyumba viwili vitupu tangu watoto waende likizo, tena vina vitanda, lete wazee wote. Mbona hakuna aliyewahi kumuuliza? Yeye alidhani kanisani kunatosha. Mchungaji naye alikuwa anadhani msikitini kumejaa.

Pale ukumbini watu walikuwa wanarudi kutoka vibaruani. Humphrey alipanda kwenye ngazi ya mlango, akakohoa, na Jovina akamvuta shati kutoka nyuma.

— Unataka kuuliza nini?

— Niulize akina mama gani wana tatizo la mkwe.

— Hakuna atakayenyoosha mkono mpaka Krismasi. Shuka. Niachie mimi.

Akaingia jikoni kwa Beatrice, kwenye moshi, ambako wanawake walikuwa wanaosha sufuria. Hakupandisha sauti.

— Jamani, hapa nani anasikia joto usiku?

Mjamzito yule wa sokoni akanyoosha mkono. Akafuata shemeji yake Kakao. Akafuata mama mmoja aliyekuwa akilala humohumo jikoni kati ya mafiga, akidai anawahi kuwasha moto. Beatrice alibaki na mwiko hewani, akitazama mikono ikipanda mmoja baada ya mwingine katika moshi, wengine wakicheka kwa aibu, wengine wakijifuta macho na kusingizia kuni mbichi.

— Na mimi nilisema mna deko! Beatrice alisema.

Kazi iliyofuata haikuwa kubwa. Ilikuwa ya kuhamisha mikeka tu. Wazee wanaume wote wenye wakwe mle ndani walihamia madrasa, na waliobaki wakapangwa upya, wake wa wana upande wa mlango wa jikoni, mapazia yakafungwa tena. Familia mbili zilizokuwa darasani zikapata nafasi zilizobaki, hata ikaonekana nafasi zilikuwapo siku zote, ila zilikuwa zimekaliwa na watu wasioweza kuzilalia.

Mzee Ambilikile alikuwa ameketi kwenye mawe ya nje, upande wa barabara, ambako alikuwa akishinda kutwa kungojea habari za mpunga. Jovina alipiga goti.

— Shikamoo, tata.

— Marahaba, mama. Wewe ni wa kwa nani?

— Mimi dada yake mke wa Angetile.

Alimweleza kwa kifupi, bila mapambo. Mzee akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, kama mtu anayeficha uso kwa watu ambao hawapo.

— Alilala nje? Na mtoto?

— Barazani, tata. Hawakulowa.

— Mimi nilikuwa nashangaa, pazia la mwanangu lina khanga ya mwanamke. Nikasema wamesahau kuondoa. Alitingisha kichwa. Yule binti amelelewa. Mwambie... Akasita, maana hata yeye hakuwa na njia ya kumtumia mkwe maneno moja kwa moja. Waambie kwenu mmelea. Ndaga fijo, asanteni sana.

Waziri alikuwa amesogeza bajaji karibu, kichwa chini.

— Mzee, nisamehe. Nilikuleta pabaya. Nikupeleke madrasa, kuna kitanda.

— Kwa Waislamu? Mimi ni Mmoraviani tangu kuzaliwa.

— Jumapili nakufuata mapema, nakuleta ibadani, nakurudisha.

— Bure?

— Bure, mzee.

— Hapo sawa, Mzee Ambilikile alisema, akampa fimbo amshikie. Ila safari hii uliza kwanza ninakokwenda yuko nani.

Mvua ilianza wakati wanapakua. Wali wa Kyela ulikuwa umeiva, unanukia hadi barabarani, na usipa, dagaa wa ziwani, ulikuwa umekaangwa na nyanya kwenye karai kubwa. Jovina alikuwa amekwisha kutuma neno nyumbani kwamba wifi apike, kwa hiyo alikunja mikono ya gauni akashika upawa. Atupele alikuja kusimama pembeni yake, mtoto amempa mtu. Alichukua sahani safi kuliko zote, akaijaza wali, akachagua usipa mkubwamkubwa, akaufunika kwa sahani nyingine, akaufunga kwa kitambaa.

— Ya nani hiyo? Beatrice alimuuliza.

— Ya kule, Atupele alisema.

Beatrice, ambaye ni mtu wa Njombe, alitaka kuuliza kule wapi. Akamwangalia Jovina, akaghairi. Waziri aliichukua sahani kwa mikono miwili, akaiweka kwenye kiti cha nyuma cha bajaji kama abiria, pamoja na sufuria la wazee wengine, akaondoka polepole akikwepa madimbwi.

Humphrey alipita kila pazia. Safari hii hakuita majina ya wakuu wa kaya. Aliinama, akauliza waliomo, akangoja kila mmoja ajibu kwa mdomo wake. Mjamzito alijibu. Shemeji yake Kakao alijibu. Watoto wa darasani walijibu mara mbilimbili kwa furaha ya kuitwa, ikabidi arudie. Nyuma ya pazia la Angetile, Atupele alisema yupo, kisha akasema kwa niaba ya mtoto kwamba naye yupo, ananyonya.

Simu ikalia. Alikuwa sheikh. Humphrey akasikiliza, akaitikia, akaifunika kwa kiganja.

— Kule wamefika wote, alimwambia Jovina. Wanakula.

— Sahani ya mzee?

Akauliza. Akasikiliza tena.

— Anasema wengine wamekwisha kula, mzee bado anachambua miiba. Na mzee anasema mwambieni aliyepika chumvi imetosha.

Atupele alisikia, maana turubai si ukuta. Jovina akajipakulia kilichobaki karaini, akamsogezea Humphrey sahani ya pili, akaketi kwenye gunia la mkaa, na kwa mara ya kwanza tangu mchana akanyoosha miguu.